Saratani ya damu: Ni wakati gani mgonjwa aongezewe chembe sahani kabla hajavuja damu?

Na MWANDISHI WETU

KILA asubuhi, kabla madaktari hawajaanza kuzunguka wodini, muuguzi huchota damu kidogo kutoka kwa kila mgonjwa wa saratani ya damu na kuipeleka maabarani. Majibu yanaporudi, jicho la daktari hutangulia kutazama tarakimu moja, nayo ni hesabu ya chembe sahani.

Ikiwa tarakimu hiyo ni 60,000, daktari huenda kwa mgonjwa mwingine. Ikiwa ni 4,000, hakuna mjadala, huagiza mgonjwa aongezewe mara moja. Mashaka huanza kwa mgonjwa mwenye 12,000, ambaye ameketi kitandani akinywa uji wake, wala hakuna tone la damu linalomtoka popote. Je, huyu aongezewe leo au asubiri hadi kesho?

Akisubirishwa bila busara, huenda akavuja damu ubongoni usiku ule ule. Akiongezewa pasipo haja, atakuwa ametumia mfuko ambao mgonjwa wa kitanda cha pili angeuhitaji zaidi, na pengine mwili wake mwenyewe utajifunza kuzikataa chembe za watu wengine siku atakapozihitaji kwa dhati.

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu walivyofikia kiwango kinachotumika leo, mambo yanayokibadilisha, na yale ambayo jamaa wa mgonjwa wanapaswa kuyafahamu.

CHEMBE SAHANI NI NINI?

Damu ina chembechembe za aina tatu. Chembe nyekundu husafirisha hewa ya oksijeni, chembe nyeupe hupambana na maradhi, nazo chembe sahani, ambazo wahudumu wengi wa hospitali huziita pleteleti, huziba nyufa katika mishipa ili damu isivuje.

Mtu mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita moja ya damu, kipimo ambacho ni kidogo kuliko tone. Tarakimu zote zinazotajwa katika makala haya ni za kipimo hicho.

Chembe hizo hutengenezwa katika uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, na huishi kwa muda wa siku 8 hadi 10 tu. Kwa hivyo kiwanda hicho hakina siku ya mapumziko. Kikisimama kwa juma moja, hesabu hushuka kwa kasi.

Katika saratani ya damu, yaani lukemia, kiwanda hicho husimamishwa mara mbili. Kwanza, seli za saratani huujaza uboho na kuzinyima seli nyingine nafasi. Pili, dawa kali za kuua saratani, ile tibakemikali ambayo wengi huiita kemo, huziua seli mbaya pamoja na zile zinazotengeneza chembe sahani. Hivyo, hata mgonjwa ambaye matibabu yake yanaendelea vyema hupitia kipindi cha majuma kadhaa ambapo mwili wake hautengenezi chembe hizo.

Ni katika kipindi hicho ambapo swali la kumwongezea au kutomwongezea huulizwa kila siku.

Wataalamu hutofautisha njia mbili. Ya kwanza ni kuongezea kwa ajili ya tiba, yaani baada ya mgonjwa kuanza kuvuja damu. Ya pili ni kuongezea kwa ajili ya kinga, yaani kabla hajavuja, kwa kuwa tu hesabu yake imeshuka chini ya kizingiti fulani. Hii ya pili ndiyo yenye mjadala mrefu zaidi.

TARAKIMU YA 20,000 ILIKOTOKA

Ujuzi kwamba damu ya mtu mmoja yaweza kuziba nyufa za mwingine si wa jana. Mwaka wa 1910, daktari William Duke wa Marekani alieleza jinsi wagonjwa waliokuwa wakivuja damu kwa uhaba wa chembe sahani walivyopata nafuu walipotiwa damu ya watu wenye afya, na jinsi hesabu yao ilivyopanda.

Lakini ilichukua miongo kadhaa kabla ya ujuzi huo kuwafaa wagonjwa wa lukemia. Katikati ya miaka ya 1950, katika Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani iliyoko Bethesda, jimbo la Maryland, daktari kijana aliyeitwa Emil Freireich alikabidhiwa watoto wenye lukemia. Wengi wao walikuwa wakitokwa na damu puani, mdomoni na tumboni, na wengi walikufa kwa kuvuja damu hata kabla ya saratani yenyewe kuwamaliza.

Freireich alishuku kwamba tatizo lilikuwa upungufu wa chembe sahani, wala si jambo jingine. Yeye na wenzake walionyesha kwamba damu mbichi iliyotolewa muda mfupi uliopita ilisaidia kusimamisha uvujaji, ilhali damu iliyokaa kwenye akiba haikusaidia, kwa sababu chembe sahani zake zilikuwa zimekwisha kufa.

Mwaka wa 1962, Freireich pamoja na Lawrence Gaydos na mtakwimu Nathan Mantel walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 92 wenye lukemia, wakilinganisha hesabu ya kila siku na siku ambazo mgonjwa alivuja damu. Waligundua kwamba kadiri hesabu ilivyoshuka ndivyo uvujaji ulivyoongezeka, na kwamba uvujaji mkubwa ulikuwa nadra hesabu ilipozidi 20,000.

Jambo ambalo wengi hawakulizingatia ni kwamba watafiti hao hawakuona mpaka wowote dhahiri ambapo hatari huanza ghafla. Walichokiona ni mteremko, si ukingo wa jabali. Hata hivyo, madaktari hupenda tarakimu iliyo rahisi kukumbuka, na 20,000 ikageuka kuwa kanuni katika hospitali nyingi duniani kwa zaidi ya miaka 30.

Kulikuwa na dosari nyingine. Enzi hizo wagonjwa wenye homa walipewa aspirini bila wasiwasi. Ni mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo ilipobainika kwamba aspirini hudhoofisha kazi ya chembe sahani. Kwa hivyo yamkini baadhi ya wagonjwa waliovuja damu Bethesda walivuja kwa sababu ya dawa, si kwa sababu ya hesabu pekee.

JINSI KIZINGITI KILIVYOSHUSHWA HADI 10,000

Shaka kuhusu kanuni hiyo iliongezeka baada ya uchunguzi uliofanywa na Sherrill Slichter na Laurence Harker wa Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 1978. Wawili hao walipima damu iliyopotea kupitia choo kwa wagonjwa wenye chembe sahani chache ambao hali yao ilikuwa imetulia.

Waliokuwa na zaidi ya 10,000 walipoteza chini ya mililita 5 kwa siku, sawa na mtu mwenye afya. Waliokuwa kati ya 5,000 na 10,000 walipoteza takriban mililita 9. Lakini chini ya 5,000, damu iliyopotea iliruka hadi takriban mililita 50 kwa siku.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha sababu. Ili kushona nyufa ndogo ndogo zinazotokea kila siku katika mishipa, mwili huhitaji takriban chembe 7,000 kwa kila maikrolita kwa siku. Kinachozidi hapo ni akiba ya kukabiliana na jeraha au dharura.

Ushahidi mzito ulitoka Italia. Mwaka wa 1997, Paolo Rebulla na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 255 wenye lukemia ya ghafla ya mailoidi, ambayo ni mojawapo ya aina kali za ugonjwa huu. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliongezewa hesabu iliposhuka chini ya 20,000, na jingine iliposhuka chini ya 10,000.

Uvujaji mkubwa ulitokea kwa asilimia 20 ya waliokuwa chini ya kanuni ya zamani, na asilimia 21.5 ya waliokuwa chini ya kanuni mpya. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Wakati huo huo, kundi la 10,000 lilitumia mifuko pungufu kwa asilimia 21.5.

Lakini ni muhimu kusoma masharti ya utafiti huo kwa makini. Wagonjwa wa kundi la 10,000 waliruhusiwa kuongezewa hata wakiwa kati ya 10,000 na 20,000 ikiwa walikuwa na homa ya zaidi ya nyuzi 38, walikuwa wakivuja damu, au walikuwa karibu kufanyiwa tendo la kutoboa mwili. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza kanuni ya 10,000 ilikuja na mlango wa pembeni. Anayeshika tarakimu na kuusahau mlango huo hajaielewa kanuni.

Tafiti nyingine za Ujerumani na Marekani zilikubaliana na matokeo hayo. Leo, miongozo ya vyama vya wataalamu nchini Marekani na Uingereza inapendekeza 10,000 kuwa kizingiti cha kawaida kwa mgonjwa aliye kwenye tibakemikali ambaye hali yake imetulia. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 2025 ulikithibitisha kiwango hicho.

Je, kwa nini kisishushwe hadi 5,000? Sababu moja ni ya kiufundi. Mashine za kuhesabu chembe hupoteza usahihi hesabu inapokuwa ndogo mno. Majibu yakisema 6,000, ukweli waweza kuwa pungufu ya hapo. Aidha, hesabu ya asubuhi yaweza kuwa imeshuka zaidi ifikapo usiku, hasa mgonjwa akipatwa na homa.

JE, KWA NINI TUSINGOJE DAMU ITOKE?

Baada ya kizingiti kushushwa bila madhara, baadhi ya wataalamu waliuliza swali la ujasiri zaidi. Ikiwa mgonjwa havuji, kuna haja gani ya kumwongezea kabisa? Kwa nini tusingoje dalili ya kwanza ndipo tuchukue hatua?

Tafiti mbili kubwa zilijibu. Ya kwanza, iliyoongozwa na Hannes Wandt wa Ujerumani, ilichapishwa mwaka wa 2012. Wagonjwa waliongezewa tu walipoanza kuvuja damu, na matumizi ya mifuko yakapungua kwa asilimia 33.5. Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa wa lukemia ya ghafla ya mailoidi, uvujaji wa hatari, hasa ule wa ubongoni, uliongezeka.

Ya pili, iliyoongozwa na Simon Stanworth wa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2013, iliwahusisha wagonjwa 600 nchini Uingereza na Australia. Miongoni mwa wale ambao hawakupewa kinga, asilimia 50 walivuja damu kwa kiwango cha kuhitaji kushughulikiwa. Miongoni mwa waliopewa kinga, idadi hiyo ilikuwa asilimia 43.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wahenga hawakukosea waliposema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mgonjwa wa lukemia ya ghafla, kungoja damu itoke ni kucheza na moto, kwa kuwa dalili ya kwanza yaweza kuwa ile ya ubongoni, ambayo hairekebishiki.

La pili ni kwamba kinga hii si ngao kamili. Hata walioongezewa kwa wakati, zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu walivuja. Uvujaji haletwi na uhaba wa chembe pekee. Maambukizi, uharibifu wa kuta za mishipa na dawa zenyewe huchangia.

Kuna wagonjwa ambao wataalamu hukubali kwamba wanaweza kungojewa. Hao ni pamoja na wale waliorudishiwa seli za uboho wao wenyewe, mradi wako katika hospitali yenye uzoefu na yenye chembe sahani tayari saa zote. Katika utafiti wa Stanworth, tofauti kwa kundi hilo ilikuwa ndogo, asilimia 47 kwa 45.

HALI ZINAZOBADILISHA UAMUZI

Tarakimu ya 10,000 ni ya mgonjwa aliyetulia. Zifuatazo ni hali ambazo humfanya daktari aongeze mapema zaidi, na viwango vinavyotajwa katika miongozo mbalimbali:

- Homa au maambukizi makali: Maambukizi huzimaliza chembe haraka na kudhoofisha mishipa. Madaktari wengi huongezea hesabu inapofikia kati ya 10,000 na 20,000.

- Lukemia ya promailosaiti: Aina hii huvuruga mfumo mzima wa kugandisha damu, na katika siku za mwanzo yaweza kuua kwa uvujaji. Hapa hesabu hudumishwa juu ya 30,000 hadi 50,000, huku dawa maalumu ya ugonjwa huo ikianzishwa bila kuchelewa.

- Kudungwa sindano ya uti wa mgongo: Mwongozo wa mwaka 2025 umeshusha kiwango hadi 20,000, kutoka 50,000 ya awali. Hata hivyo, kwa sindano ya kwanza ya mtoto ambaye seli za saratani zingali nyingi katika damu yake, madaktari wengi hutaka hesabu ya juu zaidi, kwani damu ikivuja hapo yaweza kuzibeba seli hizo hadi kwenye maji ya uti wa mgongo.

- Kutiwa mrija katika mshipa mkubwa: Miongozo inatofautiana kati ya 10,000 na 50,000, kutegemea mahali mrija unapopitishwa na kama damu ikivuja itaweza kubanwa kwa mkono. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka wa 2023 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wenye kati ya 10,000 na 50,000, waliotiwa mrija bila kuongezewa walivuja kwa asilimia 11.9, na walioongezewa kwa asilimia 4.8.

- Upasuaji mkubwa: Kiwango huwa 50,000. Kwa upasuaji wa ubongo au nyuma ya jicho, huwa 100,000.

- Mgonjwa anayevuja damu tayari: Hapa si suala la kinga tena. Hutibiwa bila kungoja tarakimu, na ikiwa uvujaji ni mkubwa, hesabu hudumishwa juu ya 50,000. Ukiwa wa ubongoni, hudumishwa juu ya 100,000.

Kinyume chake pia ni kweli. Si kila mwenye hesabu ya chini huhitaji kuongezewa. Mtu ambaye ameishi kwa miaka na chembe chache kutokana na ugonjwa sugu wa uboho, ambaye hapati tibakemikali wala havuji, anaweza kuangaliwa tu.

Wakazi wa Mombasa, ambako homa ya dengue imewahi kuzuka mara kadhaa, wanafahamu kwamba ugonjwa huo pia hushusha chembe sahani. Lakini utafiti wa Singapore na Malaysia uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba kuwaongezea wagonjwa wa dengue wasiovuja hakukuzuia uvujaji. Katika dengue uboho hupata nafuu wenyewe baada ya siku chache. Katika lukemia kiwanda kimefungwa. Tarakimu yaweza kuwa moja, lakini maana yake si moja.

MFUKO MMOJA AU MIWILI?

Swali jingine ni kiasi. Dozi moja ya mtu mzima hupatikana kwa njia mbili. Ama chembe za watu wanne hadi sita waliotoa damu ya kawaida huchanganywa pamoja, ama mtu mmoja huunganishwa kwenye mashine inayochuja chembe sahani na kumrudishia damu yake iliyosalia. Dozi hiyo hupandisha hesabu kwa takriban 30,000 kwa mtu asiye na matatizo mengine.

Je, dozi kubwa hulinda zaidi? Utafiti ulioongozwa na Slichter na kuchapishwa mwaka wa 2010, uliowahusisha wagonjwa 1,272, ulilinganisha dozi ndogo, ya wastani na kubwa. Waliovuja damu walikuwa asilimia 71, 69 na 70 mtawalia. Hapakuwa na tofauti ya maana.

Dozi ndogo iliokoa chembe nyingi, ingawa wagonjwa waliongezewa mara nyingi zaidi. Hilo ni funzo kwa hospitali yenye uhaba. Mfuko ukigawanywa kwa busara waweza kuwalinda wagonjwa wawili, mradi hesabu zao zitapimwa kila siku na wataongezewa tena zitakaposhuka.

Watafiti wamejaribu pia kutafuta dawa ya kusaidia. Dawa ya asidi ya traneksamiki, ambayo huzuia damu iliyoganda isiyeyuke na hutumika sana kwa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, ilijaribiwa kwa wagonjwa 330 wa magonjwa ya damu nchini Marekani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba kuitoa kama kinga pamoja na chembe sahani hakukupunguza uvujaji.

HASARA YA KUONGEZA PASIPO HAJA

Baadhi ya jamaa hudhani kwamba kuongezewa ni jambo jema lisilo na kasoro, na kwamba daktari anayesubiri ni mvivu au mchoyo. Dhana hiyo si sahihi.

Kwanza, chembe sahani huhifadhiwa katika joto la kawaida la chumba, kati ya nyuzi 20 na 24, kwa sababu zikitiwa kwenye jokofu hudumu muda mfupi sana mwilini mwa mgonjwa. Joto hilo huwafaa pia bakteria. Ndiyo maana mifuko ya chembe sahani huwa katika hatari kubwa ya kuingiwa na vijidudu kuliko ile ya chembe nyekundu, na mgonjwa wa lukemia hana kinga ya kupambana navyo.

Pili, wagonjwa wengine hupata homa, mwasho au upele, na mara chache matatizo makali ya mapafu.

Tatu, na pengine hili ndilo zito zaidi, mwili waweza kutengeneza kingamwili dhidi ya chembe za watu wengine. Hali hiyo ikitokea, mgonjwa huongezewa mfuko baada ya mfuko na hesabu haipandi. Hapo hulazimu kutafutwa mtoaji anayelingana naye, kazi ambayo ni ngumu hata katika nchi tajiri.

Kwa sababu hiyo, madaktari waangalifu hupima hesabu ndani ya saa moja baada ya kuongezea. Isipopanda mara mbili mfululizo, hutafuta chanzo. Huenda ni kingamwili, maambukizi, au wengu uliovimba.

Inafaa kukumbuka utafiti mmoja wa watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati, uliochapishwa mwaka wa 2019. Walioongezewa mapema, hesabu ikiwa chini ya 50,000, walikufa au kuvuja damu kwa wingi kuliko wale waliosubiriwa hadi 25,000. Watoto hao hawakuwa na lukemia, na matokeo yao hayawezi kuhamishiwa kwa wengine moja kwa moja. Lakini yanaonya kwamba wingi si lazima uwe heri.

AKIBA INAYOOZA

Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya chembe sahani huoza. Mfuko hudumu kwa siku 5, au 7 pale penye uwezo wa kuupima bakteria, huku ukitikiswa polepole na mashine usiku na mchana. Chembe nyekundu, kwa kulinganisha, hukaa kwenye jokofu kwa majuma kadhaa.

Maana yake ni kwamba haiwezekani kukusanya chembe sahani za mwezi mzima kwa kampeni moja. Mgonjwa wa lukemia wa Kenya hutegemea mtu aliyetoa damu wiki hii.

Kisha kuna suala la umbali. Kwa mojawapo ya njia zinazotumika, damu inayokusudiwa kutengwa chembe sahani inapaswa kufika kwenye mashine ndani ya saa 8, bila kutiwa baridi. Damu iliyotolewa mbali na kituo chenye mashine hiyo, hata ikiwa nyingi, huenda isitoe hata mfuko mmoja wa chembe sahani.

Nchini Kenya, wanafunzi wa shule za sekondari wamekuwa kwa miaka mingi nguzo kuu ya utoaji damu wa hiari. Shule zinapofungwa, akiba hupungua. Lakini uboho wa mgonjwa haujui likizo ya Agosti wala ya Desemba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hueleza kwamba nchi inahitaji angalau kiasi cha damu kinacholingana na asilimia 1 ya watu wake ili kutimiza mahitaji ya msingi. Kwa idadi ya watu milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, hiyo ni takriban mifuko 476,000 kwa mwaka.

Katika mazingira hayo, kushika kizingiti cha 10,000 badala ya 20,000 si ubahili. Ni njia ya kuhakikisha kwamba mfuko utakuwapo siku mgonjwa atakapofika 4,000. Lakini hali hiyo hiyo humkabili daktari na tatizo la aina nyingine. Ikiwa anajua kwamba kesho ni Jumapili na kituo cha damu hakitakuwa na chembe, je, amwache mgonjwa mwenye 12,000 na homa inayoanza? Wengi watamwongezea leo. Kizingiti kilichopimwa katika hospitali ambamo mfuko hufika kwa saa moja hakiwezi kutumiwa kwa upofu pale unapochukua siku mbili.

JAMAA WAFANYE NINI?

Mgonjwa na jamaa zake wana sehemu yao katika kinga hii, nayo haigharimu pesa nyingi:

- Waepuke aspirini, ibuprofen, diclofenac na dawa nyingine za maumivu za aina hiyo, na wamweleze daktari kuhusu miti shamba yoyote inayotumiwa.

- Mgonjwa atumie mswaki laini, asinyolewe kwa wembe, na asikubali kudungwa sindano ya msuli bila daktari wake kujua.

- Wanawake walio katika umri wa kupata hedhi waulize kuhusu dawa za kuisimamisha kwa muda wa matibabu.

- Waangalie dalili: vidoadoa vyekundu kwenye miguu, malengelenge ya damu mdomoni, damu kwenye fizi, choo cheusi. Kuumwa kichwa kwa ghafla, kutoona vizuri au kuchanganyikiwa ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo.

- Homa isipuuzwe wala kufunikwa kwa dawa za dukani. Huenda ndiyo inayobadilisha uamuzi wa daktari.

- Jamaa na marafiki wenye afya wajipange kutoa damu kwa zamu badala ya kufika wote siku moja. Anayenuia kutoa chembe sahani aseme ikiwa alimeza aspirini siku za karibuni.

Aidha, jamaa wana haki ya kuuliza maswali matatu kila siku: Hesabu ya leo ni ngapi na ya jana ilikuwa ngapi? Je, kuna homa au dalili ya kuvuja? Na ikiwa chembe zitahitajika usiku, zitatoka wapi?

Maswali hayo matatu ndiyo ambayo daktari mwenyewe hujiuliza anapoyashika majibu ya maabara. Turudi kwa yule mgonjwa mwenye 12,000 anayekunywa uji wake. Ikiwa hana homa, jana alikuwa na 14,000, na benki ya damu ina mfuko tayari, anaweza kungoja hadi kipimo cha kesho asubuhi. Ikiwa joto lake limefika nyuzi 38.5, jana alikuwa na 30,000, na fizi zimeanza kuacha alama kwenye mswaki, mfuko wake uagizwe kabla hajamaliza uji huo.